SOMO LA UKULIMA: MATEMBELE, NA JINSI YA KUYATUNZA YASIPOTEE



Katika mkutano wetu uliopita wanachama watatu waliuliza swali moja kwa maneno mbalimbali. Swali lenyewe ni hili: mtu apande nini katika nafasi zilizo wazi baina ya mikarafuu yake michanga, kitu kitakachoshika udongo usichukuliwe na mvua, kitakachowapa watu wa nyumbani kitoweo, na ambacho hatalazimika kukianza upya kila mwaka? Niliahidi kulijibu katika ukurasa huu. Jibu langu ni matembele, yale majani ya kiazi kitamu ambayo wengi wetu yakishapikwa kwa nazi twayaita mtoriro.

Najua wako watakaocheka, waseme, Katibu ametuita tusome habari za matembele, kitu ambacho hata mtoto akijua. Kuyala twajua sote. Kuyatunza ni jambo jingine, na ushahidi ni kwamba kila mwaka mvua zikikaribia watu wale wale wanapita mlango kwa mlango wakiomba mbegu. Mtu mwenye mmea usiokufa kwa umri wake, naye kila mwaka anaomba mbegu, hana haki ya kusema kwamba anajua kuutunza.

Kwanza tuutazame mmea wenyewe. Mchicha maisha yake ni wiki chache, kisha hutoa mbegu ukakauka. Kunde nayo ikishazaa kazi yake imekwisha. Kisamvu ni cha mti uliosimama, hakifuniki kitu. Kiazi kitamu hutambaa, na kila kifundo cha shina lake kikigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi na kuwa kama mmea mpya. Katika nchi kama zetu, zisizo na baridi ya kuua, huweza kuendelea mwaka baada ya mwaka. Hufa kwa ukame, au kwa maradhi, au kwa kuachwa bila kuangaliwa. Asili yake ni Amerika, nao ukaja kwetu kwa njia ya bahari kama muhogo na mahindi, lakini umekaa siku nyingi hata hakuna anayeuhesabu kuwa mgeni. Ule mmea utambaao juu ya mchanga wa pwani, wenye ua la zambarau, ni jamaa yake wa karibu, na maua yao yafanana sana; lakini ule wa pwani si mboga, mtu asidanganyike akauchuma.

Kwa upande wa chakula, matembele yana protini, yana madini ya chuma, na yana ile asili ya vitamini A ambayo hulinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupambana na maradhi. Desturi yetu ya kuyapika kwa nazi ni nzuri kuliko tunavyodhani, maana vitamini A haichukuliwi vyema na mwili pasipo mafuta. Yasichemshwe muda mrefu mpaka yakawa meusi, wala maji yake yasimwagwe, kwani mengi yaliyo mema hutoka pamoja na maji hayo. Mtu asiye na samaki wala nyama siku hiyo, akiwa na matembele, tui na kiganja cha dagaa, amewalisha watoto wake vizuri.

Na hapa ndipo lilipo jambo linalotuhusu zaidi sisi wakulima wa karafuu. Mkarafuu hautoi kitu mpaka umri wake ufike miaka 6 au 8, na hata ukishaanza hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja majamvi yajaa mpaka njiani, mwaka wa pili twaokota kidogo kidogo. Katika miaka ile myembamba nyumba nyingi hununua mboga kwa deni. Kitanda kimoja cha matembele nyuma ya jiko hakilipi ada ya skuli, lakini chaondoa deni la mboga, na deni hilo likikusanywa kwa mwaka mzima si dogo.

Jambo la pili ni udongo. Kisiwa chetu cha Pemba ni cha vilima na mabonde, na mikarafuu mingi imesimama juu ya miteremko. Baada ya ile dhoruba kubwa ya mwaka 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa nguzo ya zao hili, na mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka hapa. Basi vilima hivi ndiyo mali yetu. Lakini tazama mto wowote siku ya mvua kubwa ya masika uone rangi yake. Wekundu ule ni shamba la mtu linakwenda baharini. Wako miongoni mwetu wanaojisifu kwamba shamba lao ni safi, hapana jani hata moja chini. Mimi nasema usafi wa namna hiyo ni wa uwanja wa nyumba, si wa shamba la mteremko. Tone la mvua likipiga udongo ulio uchi huuvunja na kuufanya tope, na tope hufuata maji. Likipiga jani kwanza hupunguziwa nguvu, likadondoka taratibu na kuzama. Matembele yaliyokwisha kutandaa huifanya kazi hiyo, na juu yake hutia kivuli ardhini ili unyevu usikauke upesi, tena huyanyima magugu mengi mwanga. Ndago hayaishindi, hilo nakiri. Ndago lazima ing'olewe kwa mkono kabla hujapanda.

Hata hivyo, msiende nyumbani mkapanda matembele kila mahali chini ya mikarafuu. Nataka jambo hili lisikiwe vizuri, maana nimeona mashamba mawili yaliyoharibiwa kwa pupa ya namna hiyo.

Chini ya mikarafuu mikubwa inayozaa msipande. Sababu ya kwanza, kivuli chake ni kizito. Matembele hupata shina refu jembamba na majani machache, nayo hayafai kitu. Sababu ya pili, wakati wa mavuno karafuu nyingi huanguka, na wanawake na watoto huziokota. Ziangukapo juu ya zulia la matembele hazionekani, na zinazopatikana huwa zimekwisha kulowa na kuota ukungu. Hasara ya karafuu hizo haiwezi kulipwa na mboga yoyote. Sababu ya tatu, mizizi midogo ya mkarafuu iletayo chakula imo karibu na uso wa ardhi, na mtu anayechimba matuta ya viazi chini ya mti huikata bila kujua, kisha akashangaa mbona mti wake umedhoofika.

Mahali pake ni kwenye mapengo yaliyoachwa na miti iliyokufa, baina ya miche michanga inayopata jua la kutosha, kandokando ya migomba, juu ya kingo za makinga maji, na karibu na nyumba. Penye mche wa mkarafuu acha duara iliyo wazi, upana wa dhiraa moja kila upande, utandazwe majani makavu tu. Matembele yakiingia ndani ya duara hiyo hunywa maji ya mche wakati wa kiangazi, na yakipewa nafasi huupanda mche wenyewe na kuupinda. Kila wiki pita ukiyarudisha nyuma kwa mguu au kwa fimbo. Si kazi ya jembe.

Kupanda

Kiazi kitamu kwa mboga hakipandwi kwa mbegu wala kwa kiazi, hupandwa kwa vipande vya shina, ambavyo ndugu zetu wa bara huviita marando. Nitalitumia neno hilo, kwa kuwa ni fupi na lafahamika.

Chukua rando kutoka kwenye ncha ya mmea ulio mzima, urefu wa sentimita 25 hadi 30, yaani kiasi cha shubiri moja na zaidi kidogo. Wengi hukata katikati ya shina au karibu na shina kuu, kwa kuona kwamba pale ni pagumu na pana nguvu. Ni kinyume chake. Sehemu ile ni kuukuu, huota pole pole, na mara nyingi imekwisha kubeba mayai ya fukuzi. Ncha ni changa, huota upesi, na mdudu hajaifikia. Ondoa majani ya chini, acha yale machache ya juu, kisha yaweke marando kivulini siku moja au mbili ndani ya majani ya mgomba au gunia bichi. Yatalegea kidogo, usiogope; vifundo vitaanza kutoa mizizi, na ukiyapanda yatashika haraka.

Kwa mboga usipande juu ya matuta makubwa kama ya viazi. Fanya kitanda cha upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani, na urefu wa mita 5 kwa kuanzia. Chimbua kiasi cha jembe moja kwenda chini, uchanganye samadi iliyooza au mboji, karai tatu au nne. Kwa mtu anayetaka viazi samadi nyingi ni kosa, maana mmea hukimbilia majani ukaacha kutia chini; lakini wewe majani ndiyo uyatakayo. Panda mistari 5, kutoka rando hadi rando sentimita 20, nawe utaona kitanda hicho chachukua marando 125. Zika theluthi mbili za kila rando kwa kulilaza kidogo, vifundo vitatu au vinne viwe chini ya udongo, ncha ibaki juu. Kanyagia udongo kwa kiganja. Mwagilia jioni, na kama hapana mvua endelea kila siku wiki ya kwanza, kisha kila siku ya pili mpaka yashike.

Kwenye mteremko baina ya miche, mistari iende kukata mteremko, isielekee bondeni, na umbali uwe mkubwa zaidi, sentimita 30 hadi 40, yatajaza yenyewe. Wakati mwema ni mwanzo wa masika au mwanzo wa vuli. Anayepanda katikati ya masika juu ya mteremko atayaona marando yake bondeni kwa jirani.

Kuchuma

Wiki ya nne hadi ya sita baada ya kupanda waweza kuanza. Kata ncha zenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, kwa kisu au kwa kucha, usivute, maana kuvuta hung'oa mizizi ya vifundo. Kila ulipokata patatoka machipukizi mawili au matatu, na hivyo kitanda huzidi kuwa kizito. Rudi baada ya wiki mbili. Mwenye nyumba kubwa afanye vitanda viwili, achume kimoja wiki hii na kingine wiki ijayo, asikikamue kimoja mpaka kikabaki vijiti.

Wanachama huuliza: je, naweza kuchuma mboga na kuvuna viazi katika shina hilo hilo? Waweza, lakini si vyote kwa ukamilifu. Jani ndilo jiko la mmea. Ukichuma sana, kiazi chini hakipati cha kujazia. Anayetaka viazi katika mabonde ya mpunga baada ya mavuno achume kidogo tu. Anayetaka mboga asivitazamie viazi, na vikipatikana vidogo ashukuru.

Baada ya kila uchumaji wa pili au wa tatu tia samadi kidogo au majivu ya jikoni, na kitanda kikifika mwaka mmoja usikihurumie. Mashina yatakuwa yamekuwa magumu kama kamba na majani yamepungua. Kata ncha nzuri, panda kitanda kipya mahali pengine, cha zamani king'oe na upande kitu kingine kama mahindi au mchicha, ili wadudu waliomo udongoni wakose chakula. Hivyo ndivyo mmea unavyodumu: si shina lile lile kukaa pale pale, bali ncha zake kuhama kila mwaka.

Tuliyojifunza Sapiwi

Sasa niingie katika lile lililonifanya niliandike somo hili kwa urefu. Mwaka uliopita nilipata nafasi ya kufika Sapiwi, kata moja katika Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012, uliokuwa zamani sehemu ya Shinyanga na sehemu ya Mwanza, nao ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mtama, mahindi na ng'ombe wengi. Mtu atauliza, mkulima wa karafuu ataka nini kule? Nami nilijiuliza hivyo hivyo mpaka nilipoonyeshwa namna wanavyoyatunza marando.

Huko mvua huanza kiasi cha Oktoba au Novemba na hukoma Mei. Kutoka Juni mpaka Septemba mbingu hufungwa. Majani hukauka, ng'ombe hupelekwa mbali kutafuta malisho, na shamba la viazi lisilolindwa huliwa au hukauka lote. Mvua ya kwanza inyeshapo kila nyumba hutaka kupanda, na marando hayapo. Anayeyapata kwa kuchelewa hupanda kwa kuchelewa, na viazi vyake hukutwa na kiangazi kingine havijakomaa. Kule hilo si jambo dogo, maana kiazi ni akiba ya njaa: hukatwa vipande vikabichi na kuanikwa, wakayaita michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, wakayaita matobolwa, na vyote viwili hukaa miezi mingi ghalani. Nyumba isiyokuwa na marando Novemba haitakuwa na michembe mwaka unaofuata.

Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo, niliyefundishwa kumwita mayu, yaani mama, ndiyo heshima ya huko. Alinionyesha njia tatu.

Ya kwanza ni kuacha viazi vidogo shambani vikae udongoni, vichipue vyenyewe mvua ikija. Haina gharama, lakini alisema mwenyewe kwamba marando yake huchelewa, na viazi hivyo huwa vimekwisha kuingiwa na fukuzi. Ya pili ni kitanda kidogo karibu na kisima au lambo, kilichozungushiwa miiba kwa ajili ya mbuzi, kikanyweshwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Hii ni nzuri kwa mwenye maji karibu. Lakini asiye na maji je?

Ya tatu ndiyo niliyoiandika kwenye daftari langu. Ni njia iliyojaribiwa na watafiti wa viazi Uganda na Tanzania, na sasa hufundishwa sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa. Wakati wa mavuno huchaguliwa viazi vidogo vizima, visivyo na jeraha wala tundu la mdudu, kutoka katika mashina yaliyokuwa na afya. Mashina hayo huwekewa alama mapema, wakati majani yangali mabichi, maana mmea ukishakauka mgonjwa na mzima hawatambulikani. Kisha huchukuliwa beseni au karai, hutandikwa karatasi, hutiwa mchanga mkavu uliopoa, na viazi hupangwa juu yake visigusane. Hufunikwa kwa mchanga, hupangwa safu nyingine, hufunikwa tena, mpaka juu. Beseni huwekwa ndani ya nyumba penye ubaridi, mahali ambapo panya na kuku hawafiki. Kila mwezi hufunuliwa, vilivyooza hutolewa, vilivyobaki hurudishwa.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, viazi hivyo, ambavyo vingi vimekwisha kutoa vichipukizi humo mchangani, hupandwa katika kitanda chenye uzio karibu na nyumba, nusu mita kutoka kimoja hadi kingine, na hunyweshwa kila baada ya siku tatu au nne. Kwa kuwa kitanda chahitaji maji kwa wiki hizo chache tu, si kwa miezi minne, hata mtu wa kuteka maji mbali aweza. Mvua ikinyesha marando yapo tayari.

Tufanye hesabu. Wataalamu hukadiria kwamba kiazi kimoja kilichotunzwa hivyo hutoa marando kama 40. Viazi 40 katika beseni moja vyatoa marando 1,600. Mkipanda kwa nafasi ya mita 1 baina ya matuta na sentimita 30 baina ya marando, hayo yatosha mita za mraba 480, kiasi cha sehemu ya nane ya eka. Beseni moja la mchanga, na nyumba imejitoa katika kuomba.

Mayu yule aliniambia kwamba mwaka wa kwanza alipanda yote shambani kwake; mwaka wa pili alipanda nusu, na nusu akauza kwa majirani wiki ile ya mvua ya kwanza, wakati ambapo kila mtu ayataka na hakuna aliye nayo. Niliona kwamba mama yule ameijua biashara kuliko wengi wetu tunaouza viazi siku ile ile ambayo soko zima limejaa viazi.

Kwetu kiangazi si kirefu kama cha Bariadi, hilo ni kweli. Lakini Januari na Februari hukausha vitanda vingi, na wanachama wa upande wa mashariki, wenye ardhi ya mawe ambayo udongo wake ni kiganja kimoja tu, huyapoteza marando yao kama watu wa bara. Kwao beseni la mchanga lafaa sana. Kwa wenye mabonde kitanda cha karibu na maji chatosha. Mchanga wa pwani una chumvi, uoshwe kwanza kwa maji ya mvua na kuanikwa mpaka ukauke kabisa, au utumike mchanga wa mtoni.

Maradhi na wadudu

Adui mkubwa ni maradhi ya virusi. Majani huwa madogo, yamekunjamana, yana rangi ya manjano, na shina hudumaa. Hueneza kwa vidukari na kwa nzi weupe wadogo walio chini ya majani, wakitoka mmea mgonjwa kwenda mzima. Lakini tusiwasingizie wadudu peke yao. Mwenezaji mkuu ni binadamu anayempa jirani yake marando kwa wema, naye hakuyatazama. Rando lililochukuliwa kwa mgonjwa ni gonjwa milele, na hapana dawa ya kulitibu. Ng'oa shina lote, lichome moto au lizikwe mbali. Unapopewa marando omba kwanza kuliona shamba lilikotoka. Mwenyewe akikasirika, mwache akasirike.

Fukuzi ni mdudu mdogo mwembamba kama sisimizi, hutaga kwenye shina la chini na katika kiazi. Huingia kwa njia ya nyufa za udongo, basi wakati wa kiangazi ziba nyufa kwa udongo na majani makavu. Viwavi navyo, watoto wa kipepeo, huweza kumaliza kitanda kwa siku chache. Wakiwa wachanga hukaa kundi zima ndani ya utando kwenye majani machache, na huo ndio wakati wa kuyakata majani hayo na kuyaponda. Asubuhi mbili za macho makali zatosha.

Dawa za sumu sizipendi katika mboga inayochumwa kila wiki mbili. Sapiwi nilisikia Bwana Shamba akiwaonya watu juu ya pampu zilizonyunyizia pamba, wasizitumie kwa mboga hata wakiziosha. Nasi tunazo pampu za kuulia magugu, na nimeiona moja ikiazimwa kwa bustani. Pampu ya sumu ya magugu isiguse matembele. Itayaua, au isipoyaua itawadhuru walaji.

Aina za kuchagua

Kwa mboga chagua aina yenye majani mengi laini, yasiyo na uchungu. Aina zenye majani yaliyopasuka kama vidole hupendwa na wengi kwa kuwa hupikika upesi. Mwenye kutaka mboga pamoja na viazi atazame aina zenye nyama ya rangi ya chungwa, kama Kabode iliyotoka Uganda. Rangi ile ndiyo alama ya vitamini A. Kazi ya kuzieneza aina za namna hiyo Afrika ilitambuliwa mwaka 2016, Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde, na Jan Low na Howarth Bouis wa Marekani walipopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Ila ijulikane kwamba vitamini hiyo ya rangi ya chungwa imo katika kiazi. Majani ya kijani ya aina yoyote, hata ya kiazi cheupe, yanayo sehemu yake. Kwa ushauri wa aina zinazofaa visiwani waulizeni mabwana shamba wetu, au Taasisi ya Utafiti wa Kilimo pale Kizimbani.

Katika kitalu cha chama tumetenga vitanda sita vya matembele yaliyokaguliwa. Kila mwanachama atapata marando 125, kitanda kimoja, kabla ya mvua za vuli kuanza. Aje mapema asubuhi akiwa na gunia lililolowa, si mfuko wa plastiki ambao hupika marando njiani. Na awe amekwisha kulitayarisha kitanda chake, kwa kuwa marando hayatatolewa kwa mtu atakayesema atalima kesho. Mwaka unaofuata kila aliyechukua atarudisha 125 yaliyo mazima, ili wapewe wengine. Wanaotaka kujifunza njia ya beseni la mchanga waandikishe majina kwa Karani. Tutaifanya kwa vitendo ofisini, na kila mmoja aje na viazi vyake kumi.

Katibu wa Chama